Mzigo Uwe Mzigo Kweli: Mashine Rahisi na Mwendo kwa Watoto wa Awali

Katika madarasa mengi ya awali, somo la mashine rahisi hufundishwa kwa chati. Mwalimu anaonyesha picha kwa fimbo, watoto wanaitikia kwa pamoja: nyenzo, roda, gurudumu, mteremko, kabari, skrubu. Baada ya wiki moja wanayajua majina yote sita. Mchukue sasa mmoja wao hadi uwanjani, mwonyeshe kamba yake ya kuruka imebanwa chini ya jiwe zito, mpe kipande cha ubao imara, kisha kaa kimya. Wengi watalisukuma jiwe kwa mikono mpaka wachoke, au watalipiga kwa ule ubao. Jina la nyenzo wanalijua, ila nyenzo yenyewe haijawahi kuwafanyia kazi.

Naandika kwa ajili ya mwalimu wa darasa la awali Tanzania Bara, wa skuli ya maandalizi Zanzibar, wa PP1 na PP2 kule Kenya, na pia kwa mzazi au bibi mwenye mjukuu wa miaka 3 hadi 6 nyumbani. Ninalotaka kulisema ni hili: mtoto wa umri huo anaielewa mashine pale inapomwezesha kufanya jambo lililomshinda dakika chache zilizopita. Kwa hiyo kazi ya mwalimu ni kumwandalia mtoto kazi nzito ya kweli, iliyo salama, na kumwachia muda wa kuhangaika nayo kabla ya kumpa msaada wa mashine. Vifaa vinavyohitajika viko karibu nasi, na gharama yake ni ndogo.

Kazi kwanza, jina baadaye

Kanuni ya kwanza ni kumpa mtoto majaribio mawili ya kazi ileile: la kwanza kwa mikono mitupu, la pili kwa mashine. Asipopitia la kwanza, la pili halina cha kulinganishwa nalo. Na kazi yenyewe iwe nzito vya kutosha. Roda nyingi za darasani hunyanyua kalamu au kifutio. Vitu hivyo mtoto anavibeba kwa vidole viwili, kwa hiyo roda haimsaidii kitu na anaiona kama pambo.

Kipimo kizuri cha uzito kipo karibu kila nyumba, nacho ni dumu la maji. Lita 1 ya maji ina uzito wa kilo 1. Dumu la lita 5 lina kilo 5, la lita 20 lina kilo 20, ukiacha uzito mdogo wa plastiki. Mtoto wa miaka 5 kwa kawaida ana kilo 18 hivi. Dumu la lita 5 atalibeba kwa taabu, la lita 10 atalikokota kidogo, la lita 20 litabaki palepale. Usimlazimishe kunyanyua lililomzidi. Inatosha alishike, alisukume, ahisi kwamba limekataa. Mtoto akiwa mdogo zaidi, mwaga maji kidogo mpaka ufikie uzito unaomfaa.

Kanuni ya pili ni kubashiri. Kabla ya kila jaribio, kila mtoto aseme anachodhani kitatokea, na ubashiri wake uonekane. Mpe kila mmoja kizibo kimoja cha soda akiweke mbele ya kitu anachodhani kitashinda, au upande wa ubao anaodhani utapanda. Mtoto asiyependa kuzungumza naye anapata sauti kwa njia hiyo. Mkimaliza, hesabuni vizibo pamoja, na somo la hesabu litakuwa limeingia humohumo.

Kanuni ya tatu inamhusu mwalimu: aache kifaa kitoe jibu. Maria Montessori, aliyefungua nyumba yake ya kwanza ya watoto mjini Roma mwaka 1907, alitengeneza vifaa ambavyo humwonyesha mtoto kosa lake bila mtu mzima kusema neno. Mashine rahisi zina sifa hiyo kwa asili. Dumu likipanda, limepanda. Likikataa, limekataa, na mtoto hahitaji alama ya vema wala ya kosa ili ajue. Swali la mwalimu linakuwa: "Umefanyaje?", "Tubadilishe nini sasa?" au "Ukisogeza hapa, unadhani itakuwaje?" Maswali ya namna hiyo hayana jibu la kukariri.

Mteremko: ubao na baraza

Anza na mteremko, kwa kuwa hauhitaji kuunda kitu. Tafuta ubao imara wa mita 2, ule ambao mafundi huuita wa mbili kwa sita, uegemeze kwenye baraza au ngazi yenye kimo cha sm 50. Mtoto ajaribu kwanza kulipandisha dumu la lita 10 barazani bila ubao. Litamshinda. Kisha lifunge kamba kwenye mshikio, mtoto asimame barazani mbali na ukingo, alivute lipande juu ya ubao. Mtu mzima asimame kando ya ubao, mkono ukiwa tayari.

Mwalimu ajue hesabu iliyopo hapo, ingawa hatawaambia watoto. Ubao una urefu mara nne ya kimo cha baraza, hivyo nguvu ya kupandisha mzigo ni robo ya uzito wake, ukijumlisha ile inayoliwa na msuguano kati ya dumu na ubao. Badilisha sasa, uweke ubao wa mita 1 kwenye baraza lilelile. Mteremko unakuwa mkali na dumu linakuwa gumu kuvuta. Waulize watoto ni ubao upi rahisi zaidi, kisha waulize ni kwenye ubao upi dumu limesafiri njia ndefu. Mashine rahisi nyingi zimejengwa juu ya badilishano hili: unachookoa kwenye nguvu unakilipa kwenye umbali. Mtoto wa miaka 5 hawezi kulisema kwa maneno hayo, lakini mikono yake inaweza kulijua, na ujuzi huo wa mikono ndio atakaoujengea maneno miaka ijayo.

Baada ya hapo watembeze watoto shuleni au mtaani watafute miteremko mingine: ubao ambao wapakiaji hupandishia magunia kwenye lori, njia ya kupitishia toroli, njia ya kiti cha magurudumu mlangoni mwa zahanati. Hiyo ya mwisho inastahili kuangaliwa zaidi kidogo. Kipimo kinachotumika sana kwa njia ya kiti cha magurudumu ni sm 12 za urefu kwa kila sm 1 ya kupanda, kwa hiyo baraza la sm 50 linahitaji njia ya mita 6. Mkiipima njia hiyo kwa hatua za watoto wenyewe, wataelewa kwa nini mteremko mfupi na mkali haumsaidii mwenzao anayetumia kiti.

Vitu vikishuka: somo la mwendo

Ubao uleule unafundisha mwendo. Galileo, mwanzoni mwa karne ya 17, alitumia miteremko kuchunguza mwendo kwa kuwa kitu kinachoanguka moja kwa moja kilikuwa na kasi mno kuweza kupimwa vizuri kwa vyombo vya wakati wake. Kwa watoto sababu ni hiyohiyo: ubao unaupunguza mwendo hadi jicho la mtoto liweze kuufuata.

Kusanya vitu vya maumbo tofauti, kama chungwa, kipande cha gunzi la hindi, kiberiti, kizibo, kokwa la embe, jiwe la mviringo na kopo. Watoto wabashiri kipi kitaviringika, kipi kitateleza na kipi kitagoma, kisha wavitenge makundi matatu baada ya kujaribu. Gunzi litawasumbua, kwa sababu likilazwa kwa upana wa ubao linaviringika, na likielekezwa chini linagoma. Acha wabishane. Kizibo nacho kina mambo mawili: kikilala hakiendi, kikisimama kwa ukingo kinakimbia.

Kwa wenye miaka 5 na 6, ongeza mashindano ya makopo. Chukua makopo mawili yanayolingana, moja tupu na moja ambalo halijafunguliwa lenye nyanya nzito ndani. Watoto wengi watalichagua jepesi. Lenye nyanya ndilo litakalotangulia, kwa kuwa uzito wa kopo tupu wote uko kwenye ukingo wake, na kitu cha namna hiyo huchelewa kushika kasi ya kuzunguka. Kisha leta kopo la tatu, lililojazwa mchanga mkavu hadi nusu na kufungwa vizuri, na uufanye mteremko uwe mdogo. Litasita, litajivuta, pengine litasimama kabisa, kwa kuwa mchanga unajisugua wenyewe kwa wenyewe ndani na kuumaliza mwendo. Usiwaeleze. Wape kopo walitikise, wasikilize, waseme wanavyodhani.

Msuguano wenyewe wanaufahamu wakibadilisha sakafu ya ubao. Siku moja utandikwe kanga, siku nyingine gunia, siku nyingine upakwe maji ya sabuni. Kipande kilekile cha tofali kinateleza hapa na kukwama pale. Mtoto aliyeanguka kwenye sakafu yenye maji nyumbani ataunganisha mambo hayo mawili bila kuulizwa.

Na kama shule ina bembea, nusu ya somo la mwendo mnayo tayari. Fungeni mawe mawili kwenye kamba mbili zinazoning'inia, moja ndefu na moja fupi, myaachie pamoja. La kamba fupi linakwenda na kurudi haraka, la kamba ndefu polepole. Kisha sawazisheni urefu wa kamba na mbadilishe uzito wa mawe: yatakwenda sawia. Wanaobembea waliwahi kuona kwamba mtoto mnene na mwembamba hawapishani mwendo, sasa wanaona ni urefu wa kamba unaoamua.

Nyenzo: hapa tulia zaidi

Katika mashine zote, nyenzo ndiyo inayompa mtoto mshangao mkubwa, kwa hiyo ipe muda mrefu kuliko nyingine. Weka tofali ardhini mahali pasipoteleza, liwe na kimo cha sm 10 hivi. Laza ule ubao wa mita 2 juu yake. Dumu la lita 20 lilazwe karibu na ncha moja, na ugongomee kijibao cha kulizuia lisiteleze. Kati ya tofali na katikati ya dumu kuwe na sm 35, upande wa mtoto ubaki na sm 150. Upande wake ni mrefu zaidi ya mara nne, kwa hiyo dumu la kilo 20 litanyanyuka kwa msukumo usiofika kilo 5, na uzito wa ubao wenyewe unamsaidia. Malipo yake ni umbali: mkono ukishuka sm 40, dumu linapanda sm 9 hivi.

Lakini usiwaandalie mpango huo tangu mwanzo. Weka kwanza tofali katikati ya ubao. Hapo mtoto angehitaji karibu uzito wake wote ili dumu liinuke, na mikono pekee haitoshi. Nililiona hili kwa karibu katika shule moja ya pwani. Mvulana alisukuma, akaita rafiki, wakasukuma wawili, dumu likainuka kidogo na kurudi. Msichana mmoja mdogo, aliyekuwa amechuchumaa pembeni akitazama chini ya ubao, akanyoosha kidole kwenye tofali: "Mwalimu, hili lisogee kule." Mwalimu hakusema ndiyo wala hapana. Alilitoa dumu, watoto wakasogeza tofali upande alioonyesha, dumu likarudishwa. Yule msichana akauegemea ubao kwa viganja vyake viwili, na dumu likapanda. Akaliachia polepole, akalipandisha tena, mara nyingi, bila kumtazama mtu. Mwalimu akauliza swali moja tu: "Na tukilisogeza huku kwako?" Watoto wakalisogeza tofali karibu na upande wao, na dumu halikutikisika. Darasa zima likawa limeelewa jambo ambalo chati isingeweza kulifikisha.

Kuna utafiti unaofaa kukumbukwa hapa. Annette Karmiloff-Smith na Bärbel Inhelder walichapisha mwaka 1974 uchunguzi wao wa watoto wa miaka 4 hadi 9 waliopewa kazi ya kusawazisha vipande vya mbao juu ya egemeo jembamba. Baadhi ya vipande vilikuwa na uzito uliofichwa upande mmoja. Watoto wadogo walivisawazisha kwa kupapasa, wakisogeza huku na huku mpaka kipande kitulie. Wa miaka 6 na 7 walianza kushindwa, kwa sababu walikuwa wamejiwekea kanuni kwamba kila kitu husimama kwa katikati yake. Kile kilichokataa katikati walikitupa kando wakisema hakiwezekani. Wakubwa zaidi walifaulu tena, safari hii wakijua sababu.

Mwalimu wa awali anapata mambo mawili humo. La kwanza, usimkabidhi mtoto kanuni ya katikati mapema, kwani kupapasa kwake ni njia sahihi ya kufikiri kwa umri wake. La pili, mtoto aliyekuwa akiweza akianza kushindwa, huenda amepiga hatua: ameunda wazo lake la kwanza, na anahitaji vitu vya kulipinga. Mpe ufagio ausawazishe kidoleni. Mti wake una ncha mbili zisizolingana uzito, na katikati yake haitakubali.

Baada ya ubao, nyenzo ndogo zitajitokeza zenyewe: kijiko cha kufungulia kopo la maziwa, opena ya soda, koleo ya mkaa, mkasi, toroli la kubebea mchanga. Wape wafungue kopo kwa kucha, kisha kwa mpini wa kijiko. Majaribio mawili, kazi moja.

Gurudumu: kutoka magogo hadi kigari

Weka dumu la lita 5 ndani ya boksi gumu, mtoto alikokote kwenye sakafu. Kisha kata mpini wa ufagio wa zamani uwe vipande vitano au sita vinavyolingana, vipangwe chini ya boksi, akokote tena. Boksi litakwenda kwa wepesi, lakini vijiti vitabaki nyuma, na mtoto atalazimika kukimbia kuvichukua na kuvipanga mbele. Usumbufu huo una thamani yake. Unamwonyesha kwa nini watu walihitaji kijiti kinachosafiri pamoja na mzigo, yaani ekseli na magurudumu yake.

Kigari cha chupa kinafuata. Kinahitaji chupa ya maji ya nusu lita, vifuniko vinne vya plastiki, vijiti viwili vya mishikaki na mrija wa kunywea uliokatwa vipande viwili. Mrija unafungwa chini ya chupa kwa gundi ya karatasi, kijiti kinapita ndani ya mrija, vifuniko vinabanwa kwenye ncha za kijiti. Matundu yatobolewe na mtu mzima kwa msumari wa moto. Siri ya kazi yote iko kwenye mrija: kijiti kizunguke kwa uhuru ndani yake. Kigari ambacho magurudumu yake yamegandishwa kwenye chupa kinateleza kama boksi. Tengeneza kimoja cha hivyo kwa makusudi, na kingine ambacho matundu ya vifuniko hayako katikati. Cha kwanza kitakokoteka, cha pili kitachechemea. Kazi ya watoto iwe kutafuta magonjwa ya vigari hivyo viwili.

Hapa pia pana walimu wengine. Watoto wa darasa la nne na la tano wanaounda magari ya waya wana ujuzi mkubwa wa ekseli, usukani na uwiano wa magurudumu. Mwombe mmoja au wawili waje na magari yao wafundishe wadogo zao. Fundi baiskeli wa mtaani naye akaribishwe. Akiigeuza baiskeli juu chini na kuzungusha pedali, watoto wataona mzunguko mmoja wa pedali ukilizungusha gurudumu la nyuma zaidi ya mara moja. Mnyororo ukiwa unazunguka, mikono ya watoto ikae mbali nao.

Roda: sema kweli kuhusu inachofanya

Mlingoti wa bendera ya shule una roda ambayo watoto wanaiona kila asubuhi mstarini: mkono unavuta chini, bendera inapanda juu. Wa pwani wana jahazi pia, ambapo foromali, yaani mti unaobeba tanga, hupandishwa mlingotini pamoja na tanga lake kwa kamba iitwayo henza, inayopita kwenye kapi, yaani roda ya chombo. Waonyesheni watoto hayo kwanza, kisha fungeni roda ya dukani kwenye tawi imara au kenchi ya banda, mpandishe ndoo ndogo yenye lita 3 za maji.

Walimu wengi huwaambia watoto kwamba roda inaufanya mzigo kuwa mwepesi. Roda moja iliyofungwa juu haifanyi hivyo. Ndoo ya kilo 3 inahitaji mvuto wa kilo 3, na kidogo zaidi kwa ajili ya msuguano. Inachobadilisha ni mwelekeo, kwani mtu anayevuta chini anasaidiwa na uzito wa mwili wake. Mtoto akisema "ni rahisi zaidi", muulize mikono yake ilikuwa inaelekea wapi. Linganisheni pia kamba iliyopita juu ya tawi tupu na ile iliyopita kwenye roda. Wataona jinsi gurudumu linavyopunguza kukwaruza.

Wepesi wa kweli unakuja kamba inapokwenda na kurudi mara kadhaa. Mchezo wake ni huu. Wanafunzi wawili wa darasa la sita washike kila mmoja mti laini wa ufagio, wakitazamana kwa umbali wa nusu mita. Kamba ifungwe kwenye mti mmoja, izungushwe kwenye miti yote miwili mara tatu au nne, na ncha yake apewe mtoto wa awali. Wakubwa wavute kutenganisha miti, mdogo avute kamba. Mdogo atashinda, miti itakaribiana, na darasa litapiga kelele za furaha. Washika miti waweke vidole mbali na kamba.

Kabari na skrubu

Hizi mbili hazihitaji siku nyingi. Kwa kabari, mpe mtoto ndizi mbivu akate kwa upande mnene wa mpini wa kijiko, kisha kwa kisu cha plastiki. Shoka na jembe aonyeshwe na mtu mzima kwa mbali. Kwa skrubu, kusanya vyombo vyenye vifuniko vya kuzungusha vya saizi mbalimbali, vichanganywe, watoto watafute wenzi wao na kuvifunga. Kisha kata karatasi ya pembetatu, uizungushe kwenye penseli: watauona mteremko ukipanda kwa kuizunguka.

Usalama na mpangilio wa darasa

Ubao wa nyenzo ndio hatari kubwa. Mtoto akiuachia ghafla, ncha yake inaruka juu na kumpiga mwenzake kidevuni. Wafundishe tangu mwanzo kuuachia polepole, na mchore mstari ardhini ambao wanaosubiri hawauvuki. Vidole na miguu visiingie chini ya ubao wala dumu. Gololi, vizibo na mbegu vikae mbali na watoto wa chini ya miaka 3, kwa kuwa vinaweza kuwakaba. Kamba haivaliwi shingoni kwa mchezo wowote.

Darasa likiwa kubwa, usijaribu kulifanyisha kazi moja kwa pamoja. Gawa vituo vinne: nyenzo, mteremko, makopo na vigari. Mwalimu akae kwenye nyenzo, kituo cha mteremko kipate mzazi au mwanafunzi mkubwa, na viwili vilivyobaki vinaweza kwenda kwa uangalizi mwepesi. Kila kikundi kikae kituo kimoja kwa siku moja, kisha kihame kesho yake. Anayesubiri zamu apewe kazi ya kubashiri na kuhesabu vizibo, asikae bure. Angalia pia nani anashika vifaa. Mara nyingi wavulana wenye nguvu huchukua kamba na wasichana wakabaki kushangilia. Panga zamu kwa majina ili kila mtoto afanye majaribio yote mawili. Mtoto asiyeweza kushika kwa vidole anaweza kuusukuma ubao kwa kiwiko, na asiyeona anaweza kutambua kopo la mchanga na kopo tupu kwa sauti zake.

Utajuaje kwamba wameelewa?

Kuna dalili tatu za kuandika kwenye daftari lako. Ya kwanza, mtoto anabadilisha kitu kwa makusudi, anasogeza tofali au kuchagua ubao mrefu bila kuelekezwa. Ya pili, ubashiri wake unarekebika, yaani leo anaweka kizibo mahali tofauti na jana, na anaweza kusema kwa nini. Ya tatu, nayo ni kubwa kuliko zote, anaihamishia mashine mahali pengine: anatafuta fimbo ya kuinulia jiwe, anaweka kopo chini ya boksi ili liende. Majina yatolewe baada ya dalili hizo kuonekana. Mtoto aliyelinyanyua dumu atalihitaji neno nyenzo ili amsimulie mama yake, na neno analolihitaji halimpotei.

Mzazi naye asidhani kazi hii ni ya shule peke yake. Nyumbani ndiko kuliko na mizigo ya kweli: mlango wa geti ambao ni rahisi kuusukuma mbali na bawaba na mgumu ukiusukuma karibu nayo, toroli, ndoo ya kisimani, kopo lisilofunguka, tairi la kuviringisha hadi kwa fundi. Tunachomnyima mtoto ni muda, kwa kuwa tuna haraka na mikono yetu ina nguvu. Kwa hiyo ombi langu la mwisho ni dogo na linaweza kuanza kesho asubuhi. Ukimwona mtoto anahangaika na kitu kilichomzidi, na hakuna hatari, hesabu polepole hadi 20 kabla ya kumkaribia. Akiwa bado hajaweza, usimfanyie. Msogezee ubao.